Ukanda wa Pwani

Fomu imetoka Dodoma, kurasa kumi na nne,
moja kwa mikoa yote, kama suti ya kuazima
inayozunguka maharusi wa mtaa mzima.
Mimi ndiye mjazaji. Ofisi ni ya Uyui,
feni imekufa, karani kaenda kupokea mbolea.

*Mipaka.* Hiyo rahisi. Shinyanga kule, Singida huku,
Katavi kwa chini, Kigoma jua linakozama.
*Urefu wa ukanda wa pwani, kwa kilomita.*
Naiacha wazi kwanza.

Wapo watu, wakisikia mkoa hauna bahari,
hukimbilia kutufariji: basi msitu ndio bahari yenu.
Hapana. Msitu ni msitu.
Haujai wala haupwi. Unakatwa.

*Zao kuu la biashara.* Tumbaku.
Nafasi ni ya neno moja, nami nimeandika moja.
Sikumwandika Kalunde wa Ndono
aliyelala mlangoni mwa bani siku sita
akiulisha moto kama mtoto njiti,
akipima joto kwa shavu,
wala siku ya soko, mteuzi alipokunja jani, akalinusa,
akachomeka kikaratasi cha daraja la chini
bila kumtazama mwenye jani.
Bei husomwa kwa dola.
Kalunde hajawahi kuishika dola. Anaijua
kama tunavyoijua mvua ya wilaya ya jirani:
ngurumo tunazisikia.

*Mazao ya chakula.* Mahindi, muhogo, mpunga wa Igunga,
karanga, viazi,
na hapa kalamu ikasita,
maana fomu haijui kwamba kiazi kina maisha mawili:
kile cha Juni, kitamu, cha moto, cha majivu mdomoni,
na michembe ya Januari
inayotafunwa taratibu ghala likiwa limebaki mwangwi.
Nimeandika: viazi.

*Mazao ya nyuki, kwa tani.*
Juzi Mihayo Nsabi aliniletea dumu la asali.
Si hongo, akasema, ni ushahidi. Onja.
Nikaonja. Kulikuwa na uchungu kidogo, kwa nyuma,
uliokuja baada ya kumeza.
"Zamani mizinga yangu ilikuwa umbali wa kukohoa.
Nikikohoa uani, nyuki wananijua.
Siku hizi natoka jogoo la kwanza
nafika jua likiwa utosini.
Bani zimeila mitundu, zimeila myombo,
na nyuki si wajinga, wamefuata maua.
Andika hilo."
Nikamwambia halina mstari wake.
Akaitazama fomu kutoka upande wake wa meza,
kichwa chini miguu juu,
akaweka kidole kilichokolea moshi:
"Na huu mtupu?"

Mbali, stesheni, walikuwa wakikata mabehewa.
Haya ya Mwanza, haya ya Kigoma.
Tumezoea hapa kuwagawa waendao majini,
kisha tunabaki na reli
na wauza karanga wakihesabu chenji.

*Fursa.* Nimejaza nusu ukurasa.
*Changamoto.* Wametoa mistari mitatu.

Fomu inaondoka leo saa kumi.
Muhuri nimeshagonga.
Kwenye ukanda wa pwani nimeandika,
kwa herufi ndogo ili zienee:
*Mizinga kumi na saba ya Mihayo. Saa tano kwa miguu.
Mwaka juzi zilikuwa tatu.*

Wakipiga simu kuuliza ni kosa gani hili,
nitawaambia hapo ndipo mkoa unapoishia,
kwa sasa.

Dumu bado liko mezani.
Sisimizi wamekwisha kuliona.